Maneno ya Daftari: Tabora na Njia ya Misafara katika Maktaba na Makumbusho

Daftari la makumbusho na orodha ya maktaba kwa kawaida havihesabiwi katika fasihi. Mtu huvitazama apate namba ya rafu, kisha huvisahau. Lakini maandishi hayo mafupi husomwa mara nyingi kuliko vitabu vinavyotajwa ndani yake, na hukumu iliyomo katika maneno mawili ya kadi yaweza kukaa miaka mia bila ya mtu kuuliza hoja zake. Mwandishi wa tarehe hudaiwa ushahidi. Mshairi hudaiwa vina na mizani. Mwandishi wa kadi hadaiwi kitu. Kwa hiyo yafaa maneno yake nayo yapimwe kama yapimwavyo maneno ya mwandishi mwingine yeyote: ni ya nani, yalitoka wapi, yasema kweli au hayasemi, na yamdhuru nani.

Tabora ni mahali pazuri pa kufanyia kipimo hicho. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika hapo, ikagawanyika: moja kwenda Ujiji na Manyema, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Waarabu wa Unguja na Omani, Waswahili wa mrima, Wanyamwezi wenyewe, wasafiri wa Kiingereza, mapadre wa Kifaransa, maofisa wa Kijerumani, na mwaka 1916 askari wa Kibelgiji kutoka Kongo, wote walipita au walikaa. Kila mmoja aliandika kwa lugha yake, na wengi waliondoka na vitu. Ndiyo maana leo habari za mji mmoja zimetawanyika Berlin, London, Roma na Dar es Salaam, na katika kila nyumba zimevaa nguo ya maneno ya yule aliyezipeleka huko.

Ugumu waanzia katika jina la mji. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliuandika Kazeh. Wengine waliandika Unyanyembe, ambalo ni jina la nchi yote ya mtemi. Stanley na Livingstone waliandika Kwihara, ambako walikaa. Baadaye likashika jina la Tabora, ambalo wenyeji husimulia kuwa latokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Msomaji anayetafuta Tabora peke yake hukosa Kazeh. Anayetafuta Unyanyembe hukosa Kwihara. Hapana dhambi katika majina hayo, kwani kila moja lilikuwa na mahali pake. Upungufu ni wa orodha isiyoyaunganisha.

Majina ya watu yamepatwa na hali iyo hiyo. Mtemi wa Unyanyembe aliyepigana na Wajerumani huandikwa Isike, Sike au Siki. Mtemi wa Urambo huandikwa Mirambo na wageni, lakini shule ya sekondari mjini Tabora yaitwa Milambo, kwa kuwa ulimi wa Kinyamwezi wapenda l mahali ambapo wageni waliweka r. Na hata jina hilo lilikuwa la vita, lenye maana ya maiti. Alilozaliwa nalo ni Mtyela Kasanda. Orodha isiyojua hayo humgawa mtu mmoja kuwa watatu, kisha humnyima mjukuu wake njia ya kumpata. Kabla ya kuuliza kama neno la orodha lina adabu, yapasa kuulizwa kama lamfikisha mtafutaji. Adabu isiyofikisha ni nusu ya adabu.

Baada ya jina la mtu hufuata cheo chake na sifa yake, na hapo ndipo hukumu huingia kimyakimya. Mirambo ni mfano mzuri kwa sababu mwandishi mmoja alimhukumu mara mbili. Mwaka 1871 Stanley alikuwa upande wa Waarabu wa Tabora katika vita vyao na Mirambo, akamwandika kama jambazi la njiani. Mwaka 1876 walikutana ana kwa ana, wakachanjiana udugu, na Stanley akamfananisha na Napoleon. Mtemi alikuwa yule yule. Aliyebadilika ni msafiri na haja zake. Mwandishi wa kadi aliyekuwa na kitabu cha 1872 mkononi aliandika jambazi, na aliyekuwa na kitabu cha 1878 aliandika mfalme wa vita. Wote wawili walidhani wanaandika habari za Urambo, kumbe waliandika habari za safari za Stanley.

Mambo hayaishi kwa kumpindua jambazi awe shujaa. J. B. Kabeya alipoandika kwa Kiswahili kitabu chake *Mtemi Mirambo*, alimwita mtawala shujaa wa Kinyamwezi tangu kwenye jalada. Katika kitabu jambo hilo ni halali, kwa maana mwandishi ametia jina lake na yuko tayari kujibu. Wazee wa Tabora waliopoteza mali na watoto katika vita vile, na vijiji vilivyochomwa, vilikuwa na neno lingine. Orodha haina haki ya kuchagua kati yao kwa siri. Yatosha iseme mtemi wa Urambo, aliyefariki 1884, kisha ionyeshe ni nani aliyemwita jambazi na ni nani aliyemwita shujaa.

Neno ruga-ruga laonyesha hatari hiyo kwa uwazi zaidi. Vijana wa vita waliomfuata Mirambo walitajwa na wageni kama wanyang'anyi. Serikali ya Kijerumani ilipochukua vijana wa namna ile ile kupigana upande wake, jina likabaki ruga-ruga, lakini maelezo yakawa askari wa msaada. Bunduki ni ile, uporaji wa mavuno ni ule, na neno ni lile. Kilichogeuka ni bwana. Orodha inayofuata maelezo ya kila kitabu bila ya kuyatia alama hukubali kwamba wizi ni wizi pale tu unapofanywa na adui wa serikali.

Kutoka katika majina ya watu yafaa kuhamia katika vitendo, kwa maana uzito mwingi wa daftari la makumbusho umo katika kitenzi kimoja: kilikusanywa. Kijerumani na Kiingereza vina neno lao la heshima kwa kazi hiyo, na Kiswahili cha makumbusho kimelifuata. Lakini kwa Kiswahili mtu hukusanya kuni. Mvua zikianza, watu wa Tabora hukusanya uyoga porini. Kinachokusanywa hakina mwenyewe, au mwenyewe ni yule anayekusanya. Je, neno hilo laweza kubeba yaliyotokea katika ngome ya Isike?

Habari zenyewe zajulikana. Mwaka 1890 bendera ya Kijerumani ilitwekwa Tabora. Isike hakukubali kuwa chini yake, na mashambulio ya mwaka 1892 hayakuivunja ngome yake. Januari 1893 majeshi yaliyoongozwa na Tom von Prince yaliingia. Isike aliwasha ghala la baruti ili asikamatwe, na Wajerumani wakamtundika akiwa bado ana pumzi. Kitu kilichotoka katika ngome ile siku ile, kiwe mkuki, ngoma au kiti, hakikukusanywa. Kilitekwa. Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika jambo hili: kuna kuteka, kutwaa, kunyang'anya, kununua, kubadilishana, kupewa, kuachiwa. Kila kitenzi chasema uhusiano mwingine kati ya mkono uliotoa na mkono uliopokea. Mwandishi wa daftari anayetumia kimoja kwa yote huwa amefanya uchaguzi, hata akijiona hakuchagua.

Kadhalika neno mwasi. Kuasi ni kuvunja utii uliokuwapo. Isike alikuwa mtemi wa nchi yake kabla ya bendera ile kufika, na aliyemwita mwasi alidai kwanza kuwa nchi imekwisha kuwa yake. Neno hilo moja hutoa hukumu juu ya kesi nzima ya ukoloni, tena bila ya kumsikiliza mshitakiwa. Katika barua ya ofisa wa 1893 lina thamani, kwa sababu laonyesha jinsi ofisa alivyofikiri, na kulifuta kungekuwa kumsaidia kuficha fikira zake. Katika kichwa cha kadi, mahali panaposemwa kitu ni nini, halina kazi.

Huko Berlin, katika Makumbusho ya Etnolojia, kazi ya kuyasoma upya madaftari hayo imeanza. Mwaka 2018 kilitoka kitabu kuhusu vitu vilivyochukuliwa katika vita vya ukoloni vya Tanzania, kwa Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili. Na mwaka 2024 maonyesho ya historia ya Tanzania yalifunguliwa katika Humboldt Forum kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini tafsiri ya Kiswahili inapoingia, watu wengi hudhani kuwa maneno yamekwisha kutakaswa, kana kwamba ubaya ulikuwa katika Kijerumani na Kiingereza tu. Dhana hiyo yahitaji kupingwa, na Tabora ndiyo inayoipinga.

Lichukuliwe neno sultani. Madaftari ya Kijerumani yamejaa masultani wa bara. Kiti maarufu cha Kinyamwezi chenye egemeo refu, kilichoko Berlin, chatajwa kuwa cha mtawala mwanamke wa Buruku, naye ameitwa sultani kwa umbo la kike la neno hilo. Hata Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246 kilichodai fuvu la Mkwawa lirudishwe, wamwita sultani. Lakini Wajerumani hawakulibuni neno hilo. Walilipokea kwa wakalimani na maakida wa pwani, waliompima kila mtawala kwa kipimo cha Unguja. Wanyamwezi walisema mtemi, na mtemi latokana na kutema, yaani kukata: wengine husema ni yule aliyefyeka pori wa kwanza, wengine husema ni yule akataye maneno shaurini. Tena mtemi halichagui mwanamume wala mwanamke. Sultani lilipoingia, maana ya pori na ya shauri zilitoka, na mtawala wa kike akageuka kuwa ajabu inayohitaji umbo la neno la peke yake.

Neno mshenzi ni zito zaidi. Katika maandishi ya Kiswahili ya zama za misafara lilikuwa neno la kawaida la mtu wa bara asiyekuwa Mwislamu wala hana desturi za mji. Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, alilitumia bila ya hasira, kama mtu atajavyo hali ya hewa. Maisha yake, aliyoyaandika kwa herufi za Kiarabu na kuchapwa na Brode mwaka 1902 na 1903, kisha kutafsiriwa na Whiteley mwaka 1958 na 1959, ni miongoni mwa nathari bora za Kiswahili za wakati wake. Baba yake alikuwa na makao Unyanyembe, na familia hiyo ilioana na watawala wa huko. Hata hivyo neno likabaki. Mhariri anayelitoa katika kitabu huharibu kitabu, na mkutubi anayelinakili katika maelezo yake mwenyewe hurithi dharau ya mfanyabiashara wa pembe. Wote wawili wamekosa kuona kuwa neno ni la Tippu Tip na lazima libaki kwake.

Lenyewe jina Mnyamwezi lilitoka pwani, kwa maana ya watu wa upande wa magharibi, unakoandama mwezi. Wenye kuitwa hivyo walijijua kwanza kwa nchi zao: Unyanyembe, Ulyankulu, Ugunda, Usagusi. Lakini njia yenyewe iliwafundisha jina hilo. Mpagazi aliyefika Bagamoyo aliitwa Mnyamwezi, akalikubali, akarudi nalo nyumbani likawa fahari. Basi si kila jina lililotolewa na mgeni lafaa kufutwa. Jina lililopokewa na wenyewe ni mali yao. Kipimo hakiwezi kuwa asili ya neno peke yake; wenyewe lazima waulizwe, na jibu lao la leo laweza kuwa tofauti na la babu zao.

Jambo lililo gumu kuliko yote katika njia hii ni utumwa. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza katika orodha ya muda ya Urithi wa Dunia ya UNESCO njia hii ya kati, ikiitaja kwa biashara ya watumwa na pembe, na vituo vyake sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina hilo nalo ni kadi, ingawa ni kadi ya barabara nzima. Lina ukweli mkubwa, maana watu walitekwa, waliuzwa na walikufa katika njia hiyo, na Tabora yenyewe ilikuwa na watumwa wengi mashambani na majumbani. Lakini jina laacha nje tabaka moja la watu waliokuwa wengi mno njiani: wapagazi.

Stephen Rockel, katika kitabu chake *Carriers of Culture* cha mwaka 2006, alionyesha kwa ushahidi mwingi kuwa wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walipatana posho na mshahara, waligoma walipodhulumiwa, waliweka sheria zao za kambini, na kwao kijana asiyewahi kuiona pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Picha za kale za msafara, watu wenye mizigo begani na kichwani, mara nyingi zimeelezwa kama picha za watumwa kwa sababu tu waliobeba ni weusi na aliyeongoza si mweusi. Mwandishi wa maelezo hayo hakika aliona huruma. Lakini huruma yake imewavua watu wale uhuru wao mara ya pili, na kuwapa Wanyamwezi katika picha unyonge ambao hawakuwa nao njiani.

Ipo hatari ya upande wa pili. Mtu akiisha kujifunza kuwa wapagazi walikuwa huru, aweza kutamani neno mtumwa litoweke Tabora kabisa, hasa kwa kuwa bado linauma. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitolewa mwaka 1922. Si zamani sana kwa ukoo. Ziko nyumba ambamo asili ya bibi haitajwi mbele ya wageni. Kumtaja mtu kwa jina katika orodha ya watu wote kuwa ni mtumwa kwaweza kuwavunjia heshima walio hai, na kutomtaja kabisa ni kumzika mara mbili. Kati ya makosa hayo mawili daftari lahitaji busara: lieleze hali, tarehe na ushahidi, na lisifanye hali aliyotiwa mtu kuwa jina lake la milele.

Wenye kusema Kiingereza wamejaribu kutatua jambo hili kwa kuacha neno lao la mtumwa na kusema mtu aliyefanywa mtumwa. Sababu yao ni njema, maana neno lao la kale lilifanya hali kuwa asili ya mtu. Lakini desturi hiyo ikihamishwa neno kwa neno, Kiswahili hujibu kwa namna nyingine. Mtumwa ni mtu atumwaye. Kitenzi cha kutendwa kimo tayari ndani ya neno, na mtumaji yupo nyuma yake ingawa hatajwi. Mateka ni aliyetekwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, alipoeleza desturi za Waswahili, alipambanua mjinga aliyetoka bara karibuni na mzalia aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Na pwani ilijua pia mtwana, mjakazi, suria, na kibarua aliyefanya kazi kwa watu wengine akampa bwana wake fungu la ujira. Maneno hayo si matamu, lakini kila moja lasema jambo ambalo neno moja la Kiingereza halisemi. Yakifutwa yote na kuwekwa msemo mmoja mrefu, adabu itaongezeka na elimu itapungua. Yafaa mkutubi ayajue, ayapambanue, na aandike ni lipi lililotumika na ni nani aliyelitumia.

Kutajwa kwa Mtoro kwaleta suala la mwandishi, ambalo ni dhuluma ya orodha isiyokuwa na neno baya hata moja. *Desturi za Wasuaheli* ilitoka mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, na kwa miaka mingi mtafutaji aliipata chini ya Velten. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya Mtoro, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufariki Ujerumani mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen iliyotoka mwaka 1981 ndiyo iliyomrudishia jina lake. *Safari za Wasuaheli* ya mwaka 1901 ina habari ya safari ya bara ya Suleiman bin Mwinyi Chande, yaani njia hii hii iliyosimuliwa na Mswahili aliyeipita. Naye pia hujificha nyuma ya mhariri. Hapana tusi katika kadi hizo. Kuna jina moja tu lililowekwa mahali pa jingine, na hilo latosha kuifanya njia ya Tabora ionekane kuwa iliandikwa na Wazungu peke yao.

Nyumba ya Kwihara imepatwa na jambo kama hilo. Makumbusho hayo karibu na Tabora hujulikana kama Tembe la Livingstone. Tembe lilikuwa nyumba ya wafanyabiashara Waarabu, katika nchi ya mtemi wa Unyanyembe, na mgeni huyo alikaa humo miezi michache tu ya mwaka 1872, akingoja watu wa kumpeleka mbele. Kuiita nyumba kwa jina la mgeni kwaweza kusamehewa, kwa kuwa mgeni ndiye aliyewavuta watazamaji. Lakini maelezo yapaswa kumtaja mwenyeji kabla ya mgeni, na pamoja nao wale waliongojwa. Wapagazi walifika Agosti 1872, wakaenda naye. Na alipofariki, Chuma, Susi na wenzao waliuchukua mwili wake wakapita tena Unyanyembe mwaka 1873, hata wakafika Bagamoyo mwaka 1874. Vitabu viliwasifu kwa uaminifu. Uaminifu ni sifa ya mtumishi machoni pa bwana. Watu walioamua wenyewe, bila ya bwana aliye hai, kuvuka nchi yote ile na mzigo kama huo, walikuwa na akili, uongozi na shabaha. Sifa hizo hazikupata nafasi katika kadi. Mwaka 2009 maonyesho ya Royal Geographical Society huko London yalianza kuwataja watu wa namna hiyo kwa kazi zao, na ilionekana kuwa majina mengi yalikuwamo katika makaratasi siku zote. Hayakuwa yamepotea, hayakuwa yameorodheshwa.

Na Adrien Atiman aingizwe katika fungu gani? Alitekwa akiwa mtoto katika nchi za Niger ya juu, akakombolewa na mapadre wa Afrika, akasomea udaktari Malta, akafika Karema kwa njia hii mwishoni mwa miaka ya 1880, na akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Orodha nyingi zingependa kumweka chini ya watumwa waliokombolewa. Ni kweli, na ni miaka michache ya utoto wake. Udaktari wake ni zaidi ya miaka 60. Mkutubi anayemweka kwanza katika udaktari haifichi habari ya utumwa. Anaipa ukubwa wake.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba mageuzi ya maneno haya hayakuanza Ulaya. Sanford Berman, mkutubi wa Kimarekani, alikuwa akifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, mwishoni mwa miaka ya 1960, alipoelezwa kuwa kichwa cha mada kilichotokana na neno kafiri, kilichotumiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kwa watu wa kusini mwa Afrika, ni tusi. Kitabu chake cha mwaka 1971, *Prejudices and Antipathies*, kiliwaamsha wakutubi wengi. Neno lilikuwa la Kiarabu, likapita kwa wafanyabiashara wa pwani na Wareno, likaokotwa na walowezi, likaingia katika kadi za Washington, likarudi Afrika katika masanduku ya vitabu. Ilimbidi msomaji wa Afrika aseme ndipo likaonekana.

Mwaka 2018 makumbusho ya tamaduni za dunia ya Uholanzi nayo yalitoa kitabu cha maneno ya kuangaliwa, chenye sababu na badala yake. Vitabu vya namna hiyo husaidia. Lakini haviwezi kufasiriwa na kupelekwa Tabora vikawa sheria, kwa kuwa havijui sultani, ruga-ruga, mshenzi wala mjinga, na havijui kuwa mtumwa na mpagazi ni watu wawili. Msamiati wa haki kwa njia hii hauna budi kutungwa na wanaojua Kinyamwezi na Kiswahili cha njia ile, na wanaojua pia Kijerumani cha madaftari. Na watu wa mahali pale waulizwe kabla ya kuchapwa, wasionyeshwe baada ya kuchapwa.

Wako wanaohofu kuwa kazi hiyo itafuta historia. Hofu yao ni ya haki pale ambapo neno la kale hutolewa na kuchomwa. Mtafiti wa kesho atahitaji kujua kuwa Isike aliitwa sultani na mwasi, na kuwa Mirambo aliitwa jambazi. Dawa yake ni rahisi kwa maneno, ingawa ni kazi nyingi kwa mikono: maneno ya kale yakae mahali pake yakiwa na jina la aliyeyasema na mwaka aliosema, na kichwa cha kadi kiwe na neno ambalo mwenye kitu angelitambua. Kwa mfano, kitu cha ngome ile kingeandikwa kuwa kilitekwa Januari 1893 katika ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, na majeshi ya Kijerumani yaliyoongozwa na Tom von Prince. Kisha mstari wa pili ungeeleza kuwa daftari la kwanza lamwita sultani, na kuwa jina lake huandikwa pia Sike na Siki. Maandishi hayo hayana sifa wala laana. Yana mtu, mahali, mwaka na tendo.

Faida yake itaonekana kwa msomaji mmoja mmoja. Mwanafunzi wa Tabora akiandika Isike na kuletewa karatasi zilizofichwa chini ya Sike; akitafuta wapagazi asipewe watumwa, na akitafuta watumwa asipewe ukimya; akimtafuta Mtoro akampata Mtoro: orodha itakuwa imefanya kazi iliyowekewa. Mpaka hapo itakapofanyika, madaftari yataendelea kuwa maandishi ya upande mmoja, yenye wasomaji wengi na wakosoaji wachache.